Samaki Mwenye Kiu: Jinsi Viumbe wa Bahari Wanavyolipia Makazi Yao

Samaki wengi wa baharini wana kiu. Inasikika kama mzaha, kwani tumezoea kuamini kwamba kiumbe aliyezama majini tangu yai hadi kifo hawezi kukosa maji. Lakini pima chumvi iliyomo kwenye damu ya nguru, kisha pima ya maji yanayomzunguka, utaliona tatizo lake. Kilo moja ya maji ya bahari hubeba takriban gramu 35 za chumvi. Damu ya samaki wa mifupa ina ukolezi wa kama theluthi moja ya huo. Na maji yakitenganishwa na utando mwembamba, mfano wa ngozi ya matamvua, huvutwa kuelekea upande ulio mzito zaidi. Kwa hiyo bahari inamnyonya samaki huyu usiku na mchana. Inamkausha huku ameloa.

Anachofanya ni kunywa. Anakunywa maji yaleyale ya chumvi, utumbo unayafyonza, kisha seli maalumu za matamvua zinaisukuma chumvi ya ziada irudi nje. Mkojo wake ni kidogo mno, kwa maana hana tone la kupoteza. Samaki wa mtoni ana shida iliyo kinyume: maji yanamwingia bila kukoma, hivyo karibu hanywi kabisa, na kutwa anakojoa maji mepesi huku akiokoteza chumvi chache zinazompitia. Wote wawili wanaitwa samaki, na ukiwaweka mezani huenda usiwatofautishe, lakini wengi wao ukiwabadilishia maji ghafla hawafiki mbali.

Nimeanza na chumvi kwa makusudi. Tukizungumzia jinsi viumbe walivyojirekebisha kuishi baharini, kwa kawaida tunakimbilia mapezi, rangi na meno, yaani vile vinavyoonekana. Vina nafasi yake, nitavifikia. Ila kazi kubwa hufanyika ndani ya damu na seli, na kila ufumbuzi una gharama. Bahari nayo si mahali pamoja. Ni nyumba yenye vyumba vingi, na kiumbe aliyelipa kodi ya chumba kimoja mara nyingi hana tena uwezo wa kuhamia cha pili.

Papa, kwa mfano, aliimaliza kiu kwa njia nyingine kabisa. Hakushindana na mvuto wa bahari, aliuondoa. Urea, ile taka ambayo sisi huitoa kwenye mkojo, yeye huilimbikiza mwilini mpaka damu yake inakuwa nzito sawa na bahari, hata kuizidi kidogo. Maji hayamtoki tena, bali yanamwingia polepole, naye hana haja ya kunywa. Tatizo ni kwamba urea nyingi huzidhuru protini: huzilegeza zikapoteza umbo, na protini iliyopoteza umbo haifanyi kazi. Basi papa hubeba na dawa yake, kemikali iitwayo oksidi ya trimethilamini, ambayo wataalamu huifupisha TMAO. Hii huzishikilia protini zisikunjuke. Samaki wengi wa baharini wanayo kwa kiasi fulani, na wewe unaijua hata kama jina ni geni kwako. Samaki akifa, bakteria huigeuza TMAO kuwa trimethilamini, na hiyo ndiyo shombo. Tunza jina hilo, maana TMAO itarudi tukifika kilindini.

Wapo wachache wanaoweza kubadili hesabu hizi katikati ya maisha. Samoni huzaliwa mtoni, huenda baharini kukua na kurudi mtoni kuzaa, na kila akivuka mpaka huo matamvua yake hugeuza kazi: yaliyokuwa yakivuta chumvi huanza kuitema, na kinyume chake. Kuna pia papa wa spishi Carcharhinus leucas, anayepunguza urea ya mwilini na kupanda mito. Amewahi kukutwa Iquitos, nchini Peru, zaidi ya kilomita 3,000 kutoka mdomo wa mto Amazon. Kasa naye, ambaye hana matamvua, huitoa chumvi kupitia tezi zilizo karibu na macho. Yale machozi yanayomtiririka akipanda ufukweni kutaga si ya uchungu.

Ukanda wa kupwa na kujaa

Chumba kigumu kuliko vyote kipo mbele ya macho yetu: ule ukanda ambao maji yakijaa huufunika na yakipwa huuacha wazi. Mkazi wake ni wa baharini kwa saa sita, kisha wa nchi kavu kwa saa sita. Akiwa wazi, jua linamkausha, mvua inamletea maji yasiyo na chumvi, ndege wanamdonoa. Maji yakirudi, yanakuja na mawimbi yanayotaka kumng'oa, na samaki wanaotaka kumla.

Baadhi ya konokono wa mwambani, wale wenye gamba kama kofia ya msonge, wana suluhisho linalonifurahisha kila ninapolifikiria. Kila mmoja ana kituo chake, na ukingo wa gamba lake na jiwe la pale kituoni vimesagana hadi vikaingiana kama kifuniko na chungu. Maji yakijaa anatoka kwenda kula mwani. Yanapokupwa anarudi mahali palepale, anajibana, na unyevu unabaki ndani. Kome hujifunga kwa nyuzi anazozitengeneza mwenyewe na kufumba magamba. Kaa wa ufukweni wanaochimba mashimo mchangani wamekwenda mbali zaidi. Wao hupumua hewa kupitia matamvua yaliyolowa, na baadhi yao ukiwazamisha kwa muda mrefu hufa maji. Wapo pia samaki wa matopeni wanaotembea kwa mapezi, wakipumua kwa ngozi mbichi na kuta za kinywa. Hao wakikauka wamekwisha.

Hapa inafaa kuondoa dhana moja. Tunapomwona kiumbe anaishi mahali fulani, tunasema mahali hapo pamemfaa. Si lazima. Mwaka 1961 mwanaikolojia Joseph Connell alichapisha utafiti alioufanya kwenye miamba ya Scotland kuhusu aina mbili za barnakeli. Hao ni jamaa wa kaa na kamba wanaojigundisha mwambani kwa upande wa kichwa, wakajijengea kuta za chokaa na kuvua chakula kwa miguu. Aina moja ilikuwa juu, palipokauka sana, na nyingine chini. Mtu angesema ile ya juu inapenda ukavu. Connell alipoondoa ile ya chini, ya juu ilistawi vizuri tu kule chini. Ilichokosa ni nafasi: jirani yake hukua haraka, humpandia juu, humbandua au kumponda. Yule wa juu aliishi alipoishi kwa sababu mpinzani wake hawezi kustahimili jua la pale. Uvumilivu wake wa ukavu ulikuwa wa kweli, lakini ulimpa hifadhi tu. Ninashuku mengi tunayoyaita kuzoea mazingira ni hadithi za namna hii, za kufukuzwa kwingine.

Nyuma kidogo ya ufuo, kwenye tope lisilo na oksijeni, miti nayo imelipa. Mkoko huchuja sehemu kubwa ya chumvi mizizini na kusimama juu ya mizizi kama magongo; mbegu yake huota ikiwa bado juu ya mti mama, idondoke ikiwa tayari mche. Mchu huruhusu sehemu ya chumvi iingie, kisha huitoa kwenye majani, ndiyo maana ukilamba jani lake unapata chumvi. Mizizi yake ya kupumulia huchomoza juu ya tope kama penseli zilizopandwa.

Na mchangani yupo gayogayo. Huanguliwa akiwa samaki wa kawaida, jicho moja kila upande. Akikua, jicho moja linahama, linapita juu ya kichwa na kutulia karibu na mwenzake, kisha samaki analala ubavu maisha yake yote, macho mawili yakitazama juu. Fuvu linabaki limepinda. Sidhani kuna mchoraji ambaye angeanza na karatasi tupu akamchora hivyo. Ni kazi ya kurekebisha kilichokuwapo, si ya kubuni upya. Mkumbuke naye pia, atatusumbua mwishoni.

Maji safi ni jangwa

Watu husifu maji ya matumbawe kwa kuwa maangavu. Uangavu huo ni dalili ya njaa. Maji yenye rutuba huwa ya kijani au yamefifia, kwa sababu yamejaa viumbe vidogo. Yanayoonyesha hadi chini yana virutubisho vichache. Tumbawe, ambaye ni mnyama, ameweza kujenga miji juu ya jangwa hili kwa kufuga. Ndani ya seli zake huishi mwani wa seli moja, unaotumia mwanga wa jua kutengeneza sukari na kumpa mwenyeji hadi asilimia 90 ya nishati anayohitaji. Naye huupa makazi na taka zake ziwe mbolea.

Mkataba huo una masharti mawili. La kwanza, lazima awe karibu na jua, hivyo tumbawe wajenzi wa miamba hawashuki mbali. La pili ni joto. Maji yakizidi kilele cha kawaida cha msimu wa joto kwa kama nyuzi moja tu ya Selsiasi, na hali hiyo ikaendelea kwa wiki kadhaa, ushirika unavunjika: mwani huanza kutoa kemikali zenye madhara na tumbawe anaufukuza. Kinachobaki ni tishu isiyo na rangi juu ya mifupa meupe. Hajafa bado, ila amebaki bila mpishi. Joto likikawia kushuka, atakufa kwa njaa.

Katikati ya bahari wazi hakuna jiwe la kujificha nyuma yake, basi viumbe hujificha ndani ya mwanga wenyewe. Wengine ni kama kioo, angavu kiasi kwamba unaona maji yaliyo nyuma yao. Samaki wengi wana mgongo wa giza na tumbo jeupe: anayewatazama kutoka juu anaona kilindi, anayewatazama kutoka chini anaona anga. Jodari amechagua kasi. Mishipa inayopeleka damu ya baridi kutoka kwenye matamvua hupita sambamba na ile inayorudisha damu iliyopata joto kwenye misuli, na joto linahamia upande wa pili kabla halijapotelea baharini. Ndivyo misuli yake inavyokuwa na joto kuliko maji. Lakini mashine ya namna hiyo inakula oksijeni nyingi, na jodari huipata kwa kuogelea mdomo wazi ili maji yapite kwenye matamvua. Akisimama, anakosa pumzi.

Kila jioni, kwenye maji hayohayo, hufanyika msafara mkubwa kuliko wote wa wanyama duniani, na karibu hakuna anayeuona. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia, waliotumia sonari, chombo kinachopima kwa sauti vilivyo majini, walipata mwangwi wa kitu mfano wa sakafu mamia ya mita chini, mahali ambapo sakafu haikupaswa kuwapo. Usiku ile sakafu ilipanda. Ilikuwa ni viumbe: samaki wadogo, kamba, ngisi na jamaa zao, wanaopanda gizani kula karibu na uso wa maji na kushuka alfajiri kukwepa macho ya wawindaji. Kwa mdudu wa maji mwenye urefu wa sentimita moja, mita mia kadhaa kwenda na mia kadhaa kurudi kila siku ni safari ndefu mno.

Kushuka

Mwanga mwekundu ndio wa kwanza kutoweka. Ndani ya makumi machache ya mita umekwisha, na unaobaki ni wa buluu. Chini ya mita 200 hautoshi tena kwa mimea kujitengenezea chakula, na chini ya mita 1,000 hakuna mwanga wa jua kabisa. Ndiyo sababu kamba wengi wa kilindini ni wekundu. Kule, wekundu ni weusi. Katika ukanda wa kati, ambako bado kuna mwanga hafifu kutoka juu, samaki kadhaa huwasha taa matumboni, mwanga wake ukilingana na ule unaoshuka, ili kivuli chao kifutike. Yupo samaki, Malacosteus, anayetoa mwanga mwekundu na kuuona, wakati wengi wa wale anaowawinda hawauoni.

Ninaruka mengi hapa, maana viumbe wenye taa wameshaandikwa vya kutosha. Jambo moja tu kuhusu yule samaki mvuvi mwenye fimbo ya mwanga kichwani. Katika baadhi ya spishi, dume mdogo humng'ata jike, miili yao ikaungana hadi mishipa ya damu, akawa kama kiungo chake. Kwa mnyama mwingine wa uti wa mgongo, kinga ya mwili ingekataa tishu ya mgeni, kama inavyoweza kukataa figo iliyopandikizwa. Watafiti walipochunguza jeni za samaki hawa waligundua, mwaka 2020, kwamba wamepoteza sehemu muhimu za kinga hiyo. Kupata mwenzi gizani ni kugumu kiasi kwamba ulinzi dhidi ya magonjwa umetolewa rehani.

Baridi nayo ina mambo yake. Maji ya bahari huganda karibu nyuzi 1.9 chini ya sifuri. Damu ya samaki wa kawaida, ikiwa na chumvi chache, ingeganda kabla ya hapo. Katika miaka ya 1960 Arthur DeVries aligundua kwamba samaki wa Antaktiki wana protini zinazong'ang'ania vipande vidogo vya barafu mwilini na kuvizuia kukua. Baadaye ilionekana kuwa protini hizohizo huzuia barafu hiyo kuyeyuka hata maji yakipata joto kidogo, hivyo samaki anaweza kutembea nayo. Ukoo mmoja wa huko hauna kabisa himoglobini, ile protini nyekundu inayobeba oksijeni kwenye damu. Damu yao haina wekundu, na oksijeni husafiri ikiwa imeyeyuka tu ndani yake, jambo linalowezekana kwa sababu maji baridi yana oksijeni nyingi. Wanafidia kwa moyo mkubwa, mishipa mipana na damu nyingi. Ni faida gani hiyo? Wanasayansi kadhaa wanaona haikuwa faida. Jeni iliharibika, na baridi ikasamehe. Mahali penye joto samaki hao wangeshatoweka zamani.

Kisha kuna chemchemi za moto kwenye sakafu ya bahari. Mwaka 1977, kwenye ufa wa Galápagos, kina cha kama mita 2,500, wanasayansi ndani ya chombo kiitwacho Alvin walikuta minyoo mikubwa ya mirija yenye vishada vyekundu. Baadhi ya minyoo hao hufikia urefu wa mita mbili. Hawana mdomo wala tumbo. Himoglobini yao hubeba oksijeni na salfidi ya hidrojeni kwa pamoja bila moja kuiharibu nyingine, na kuzipelekea bakteria walio ndani ya miili yao, ambao hutengeneza chakula bila kuhitaji jua. Hapa ndipo kodi ya chumba inapoonekana wazi kuliko kwingine. Chemchemi ikizima, na huzima, mnyoo mkubwa hana pa kwenda. Mabuu yake tu ndiyo yanayoweza kuelea gizani na kubahatisha nyingine.

Mwisho wa kiu

Mgandamizo wa maji huongezeka kwa kiasi cha angahewa moja kila mita kumi. Wengi hudhani wanyama wa kilindi wanakaribia kupondwa kama kopo. Hapana. Kinachopondwa ni hewa, ndiyo maana samaki wengi wa chini sana hawana mfuko wa hewa. Nyama ni maji kwa sehemu kubwa, nayo hayabanwi kirahisi. Madhara yapo kwenye molekuli: mgandamizo huzipotosha protini na kukakamaza kuta za seli.

Kitu kinachoweza kuzishikilia protini tumeshakutana nacho. Kadiri samaki anavyoishi chini zaidi, ndivyo anavyobeba TMAO nyingi zaidi. Ile kemikali anayoitumia papa dhidi ya urea inatumika huku dhidi ya uzito wa bahari nzima. Lakini kila chembe yake inaifanya damu kuwa nzito zaidi. Mwaka 2014 watafiti waliwapima samaki-konokono walionaswa mita 7,000 chini, kwenye mfereji wa Kermadec, bonde la kilindini karibu na New Zealand, na wakapiga hesabu: mwenendo ukiendelea hivyo, karibu mita 8,200 damu ya samaki italingana na bahari. Pale, kwa mara ya kwanza, samaki wa mifupa hana kiu. Akishuka zaidi atahitaji TMAO zaidi, na maji yataanza kumwingia, hali ambayo mwili wake wa baharini haukuandaliwa kukabiliana nayo.

Mwaka 2022 kamera iliyoshushwa kwenye mfereji wa Izu-Ogasawara, kusini mwa Japani, ilimpiga picha samaki-konokono katika kina cha mita 8,336: mlaini kama uji wa jeli, bila magamba, akielea taratibu. Hakuna samaki aliyewahi kurekodiwa chini ya hapo. Chini zaidi, hadi karibu mita 10,900, wapo jongoo bahari na vijidudu wa jamii ya kamba, ambao majimaji ya miili yao tangu mwanzo yana uzito sawa na bahari.

Mwaka 1960, Jacques Piccard na Don Walsh walipotua ndani ya chombo Trieste kwenye sakafu ya Challenger Deep, mahali penye kina kikubwa kuliko pote baharini, Piccard alisema ameona kupitia dirisha samaki bapa wa jamii ya gayogayo, urefu wake kama sentimita 30, macho mawili upande wa juu. Wanabiolojia wengi hawakumwamini, na leo wana sababu nyingine ya kutomwamini. Huenda alikuwa jongoo bahari.